Kuku Havunji Yai Lake



Wahenga walituachia msemo huu: kuku havunji yai lake. Walikuwa wakinena juu ya mama na mtoto wake, na mfano wao waliuchukua uani, kwa kuku waliyemwona kila siku akiatamia, akiita vifaranga vyake na kuvifunika kwa mbawa. Leo hii, katika baadhi ya mabanda ya kuku wa mayai huko Kibaha na Kisarawe, kuku anavunja yai lake na kulila. Anamdonoa mwenzake mgongoni hadi manyoya yanakwisha na damu inatoka. Na damu ikishaonekana, wengine nao humwandama mpaka afe. Mfugaji akiingia asubuhi na kukuta mzoga na maganda ya mayai, husema, "Kuku hawa wameshika tabia mbaya." Kisha hununua dawa, au huchoma kisu motoni na kuwakata midomo.

Sisi tunaona vingine. Tunaamini kwamba mara nyingi kuku hana kosa. Tabia hiyo ni mashtaka: kiumbe asiyeweza kusema anatueleza kwa mdomo wake kwamba amenyimwa nafasi, kiota, kivuli au chakula kamili. Hatuna budi kuyasikiliza mashtaka hayo. Yanamhusu kuku mwenyewe, na vilevile yanamhusu mjane aliyekopa ili afuge, kijana anayelala kando ya banda, na mtoto anayekula yai.

KUKU HUYU ALITOKA WAPI?

Kibaha si mahali pageni katika masuala ya ufugaji. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika na nchi za Nordiki zilianzisha hapo mradi mkubwa wenye shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa serikali yetu, nao ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Baadaye, katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa haumfikishi mtu katikati ya mwezi, familia nyingi za Dar es Salaam zilijenga banda la kuku nyuma ya nyumba. Neno "mradi" likapata maana mpya: kuku mia mbili, trei za mayai, na sare za watoto.

Viwanja vya mjini vilipozidi kubanana, kuku walihamia pembezoni. Kibaha iko umbali wa kilomita 40 hivi kutoka jijini kwa barabara ya Morogoro; Kisarawe inafikiwa kwa kupitia Pugu. Ardhi ilikuwa nafuu na soko lilikuwa karibu. Ndiyo maana leo tunawakuta wafugaji wa kila namna katika wilaya hizi: wastaafu, vikundi vya akina mama, vijana waliomaliza shule, na hata parokia zenye miradi yao.

Kuku aliyeenea humo siye yule wa kienyeji anayetaga mayai kumi au kumi na tano, kisha akaatamia. Huyu amezalishwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi ili atage karibu kila siku. Akitunzwa vema aweza kufikisha mayai 300 hivi kwa mwaka. Lakini binadamu alibadilisha utagaji wake tu. Hakuibadilisha silika yake. Ndani ya kuku huyu wa kisasa bado anaishi kuku wa porini wa Asia, babu wa kuku wote, ambaye mchana kutwa huparua na kudonoa ardhi akitafuta chakula. Watafiti waliowatazama kuku wa aina hiyo waliona kwamba zaidi ya nusu ya nyakati walizowakuta wakishughulika, walikuwa wakidonoa ardhi. Mfungie kuku mahali pasipo na kitu cha kuparua wala kudonoa, na mdomo wake hautalala. Utatafuta kazi nyingine, na kitu kilicho karibu ni unyoya wa mwenzake.

NAFASI NA KIOTA

Tuanze na nafasi. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Uingereza, Marian Dawkins na Sylvia Hardie, walipima nafasi anayoitumia kuku wa mayai katika mambo yake ya kawaida. Kusimama tu kulihitaji sentimita za mraba 475 hivi. Kunyoosha mbawa kulihitaji karibu 900, na kugeuka kulihitaji zaidi ya 1,200. Ukurasa mmoja wa karatasi ya kawaida ya ofisini una sentimita za mraba 623. Kwa hiyo kuku aliyepewa nafasi ya ukubwa wa ukurasa huo aweza kusimama, lakini hawezi kugeuka pasipo kuwasukuma wenzake.

Katika banda la sakafu lenye maranda au pumba za mpunga, wataalamu wetu hushauri kuku watano hadi saba wa mayai kwa mita moja ya mraba, na kwa joto la Pwani ni afadhali kubaki karibu na watano. Lakini mara ngapi tumeona banda la kuku mia mbili likiwekwa mia nne? Mfugaji hafanyi hivyo kwa ukatili. Mkopo una tarehe yake, na hesabu ya daftarini humwambia kwamba kuku wengi ni mayai mengi. Hesabu hiyo haionyeshi kwamba kuku wana ngazi zao. Tangu miaka ya 1920 Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza jinsi kila kuku anavyomjua anayemdonoa na anayedonolewa naye. Palipo na nafasi, mnyonge humpisha mwenye nguvu na vita huisha. Palipobanana, mnyonge hana pa kukimbilia. Hapati kilishio wala maji, anakonda, anaacha kutaga, na mwishowe anakuwa wa kudonolewa na wote.

Wahenga walisema pia kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wao walimfunga mgeni mpaka azoee na kuzoeleka. Sisi tunamtupa katikati ya wenyeji mia mbili usiku mmoja, kisha tunashangaa kumkuta amejeruhiwa.

Sasa tuliangalie yai linalovunjwa. Mtetea anapokaribia kutaga hutafuta mahali pa faragha, penye giza kidogo na kitu laini. Ni haja kubwa kwake. Asipopaona huzungukazunguka, hulia, huhangaika. Kiota kimoja hutosha kuku watano hivi; lakini kuna mabanda yenye viota vinne kwa kuku mia moja, au yasiyo na kiota kabisa. Hapo kuku hutaga sakafuni, mwangani, njiani wanapopita wenzake. Yai linakanyagwa, ganda jepesi linapasuka, mmoja anaonja, wa pili anaiga, na baada ya majuma machache kundi zima limejifunza. Basi kuku hakuanza kwa kuvunja yai lake. Tulilivunja sisi, siku tulipojenga banda tukasahau kiota.

NJAA ILIYOFICHIKA NDANI YA GUNIA

Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na maji yapata mara mbili ya uzito huo, tena zaidi siku za joto. Chakula hicho chapasa kuwa na protini ya asilimia 16 hadi 18, na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu. Kuku anayetaga kila siku lazima aipate kalsiamu hiyo mahali fulani. Asipoipata kilishioni, huichota kutoka katika mifupa yake mwenyewe. Mfugaji huendelea kukusanya mayai na kudhani mambo ni shwari, kumbe kuku analipa kwa miguu yake, hata siku moja hawezi kusimama.

Chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama zote za ufugaji, aghalabu zaidi ya nusu. Ndiyo maana udanganyifu hupendelea kuingilia hapo. Pumba huongezwa kuliko mahindi na mashudu. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga hupimwa pamoja na mchanga wao. Gunia lina jina zuri na uzito kamili, lakini kuku akila hashibi mwili wake. Anapokosa protini ya kutosha, na hasa ile asidi-amino iitwayo methionini, ambayo hujenga manyoya, kuku huanza kunyofoa na kula manyoya ya wenzake. Anatafuta alichonyimwa. Huu ni wizi wenye waathirika wawili: mfugaji aliyelipia asichopewa, na kuku ambaye hawezi hata kulalamika kwa muuzaji.

Kuna pia mahindi yaliyoota kuvu. Mwaka 2016 tulihuzunishwa na vifo vya watu huko Dodoma na Manyara vilivyosababishwa na sumukuvu. Mahindi yanayokataliwa na binadamu yasigeuzwe kuwa chakula cha kuku kwa kisingizio kwamba kuku ni kuku tu. Sumukuvu humdhuru ini, humpunguzia utagaji na kumdhoofisha asiweze kupambana na maradhi. Nchi yetu inayo Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Yafaa wafugaji waitumie kudai haki yao.

Namna ya kulisha nayo ina uzito sawa na chakula chenyewe. Chakula cha unga humfanya kuku atumie muda mrefu kula, akichagua na kudonoa. Cha punje kubwa humalizwa upesi, na muda unaobaki mdomo hutafuta shughuli. Vilishio vikiwa vichache, wenye nguvu hula kwanza na kuchagua vinono, na wanyonge huambulia vumbi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: tunalisema hilo juu ya watu, na ndivyo lilivyo bandani.

Kisha kuna joto letu. Kuku hana jasho. Joto likizidi nyuzi 30, kama ilivyo kawaida Pwani kati ya Desemba na Machi, hutweta akiwa amefungua mdomo na kutanua mbawa. Anakula kidogo. Na kule kutweta kwenyewe kunaivuruga damu yake hata ganda la yai linakuwa jepesi. Mfugaji akiona maganda mepesi mwezi wa Januari hukimbilia kununua madini, na wakati mwingine kilichohitajika ni kivuli, maji ya baridi na dirisha.

MDOMO UKIKATWA

Wengi huamua kukata midomo. Tusiwahukumu kwa haraka, kwa maana hasara ya kuku ishirini kwa juma ni msiba kwa nyumba maskini. Hata hivyo mdomo wa kuku una mishipa ya fahamu. Ndio mkono wake. Kwa huo hupapasa, huchagua, hujisafisha. Kuukata kwa kisu cha moto, tena kwa kuku mkubwa, ni kumtia maumivu yanayoweza kudumu. Nalo tatizo lenyewe halikuondoka. Banda lingali limebanana, gunia lingali na mchanga. Tumemnyang'anya shahidi ulimi tukadhani tumemaliza kesi.

VIZIMBA VYA WAYA

Siku hizi wafanyabiashara huwaonyesha wafugaji wetu vizimba vya waya vya ghorofa tatu na kuviita ufugaji wa kisasa. Tuseme kweli pande zote mbili. Kizimba humtenga kuku na kinyesi chake, hupunguza minyoo na kuhara damu, huyaweka mayai safi, na huokoa eneo. Mwenye kiwanja kidogo atavutiwa, na si ajabu. Lakini ndani yake kuku hana kiota, hana mchanga wa kuoga, hana ufito wa kulalia, hawezi kunyoosha mbawa. Mifupa isiyotumika huwa myepesi, na kuku atolewapo humo mwishoni huvunjika kwa urahisi.

Wale waliovitangulia vizimba hivyo wamekwisha kuvishtakia wenyewe. Nchini Uingereza, Ruth Harrison aliandika kitabu cha kuvilaumu mwaka 1964. Mwaka uliofuata kamati ya serikali iliyoongozwa na Brambell ikasema mnyama hana budi kuwa na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba vizimba vitupu vya namna hiyo vikome, na kuanzia tarehe 1 Januari 2012 vikawa marufuku katika nchi zake. Yatupasa kujiuliza: kilichokataliwa kwao kwa sababu ya kumtesa kiumbe, kwa nini kwetu kiitwe maendeleo?

Wala tusijidanganye kwamba banda la sakafu peke yake ni haki. Kuku aliye huru juu ya maranda yaliyolowa, akivuta hewa ya amonia inayowasha macho, hajatendewa wema kuliko aliye kizimbani. Na hewa hiyo hiyo inavutwa na kijana wa banda, anayefagia humo asubuhi na jioni bila kifuniko cha pua, kwa ujira usiomtosha. Palipo na dhuluma kwa mnyama, mara nyingi mtu mnyonge naye hayuko mbali.

"WATU KWANZA, KUKU BAADAYE"

Tunajua litakaloulizwa: watu wenyewe hawajapata maji, shule na dawa, nanyi mwatuletea habari za kuku? Swali ni halali. Jibu letu ni kwamba hapa hatuchagui kati ya watu na kuku. Mjane aliyeuziwa gunia la mchanga ni mtu. Mtoto anayekula yai la kuku aliyepewa antibiotiki jana ili kuficha uchafu wa banda, bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye pakiti, ni mtu. Kuku mia mbili wenye nafasi na chakula kamili humlipa mfugaji kwa uhakika zaidi kuliko mia nne wanaokufa na kulana.

Lakini hata kama wasingelipa zaidi, bado wanayo madai yao. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Na kabla ya Bunge lolote, Torati iliwakataza watu kumfunga ng'ombe kinywa apurapo nafaka, maana anayefanya kazi ana haki ya kula. Bwana wetu alipotafuta mfano wa upendo wake kwa Yerusalemu, alimtaja kuku na mbawa zake. Banda ambalo kuku hawezi kufungua mbawa hizo lingepaswa kututia aibu.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo machache, ambayo mfugaji mdogo anaweza kuyaanza bila mkopo mpya:

1. Tujenge banda refu kutoka mashariki kwenda magharibi ili jua lisiingie ubavuni, kuta ziwe za waya juu na hewa ipite. Tupande miti ya kivuli.

2. Tuhesabu kuku kwa mita, kisha tuhesabu faida. Watano kwa mita ya mraba; kiota kimoja kwa watano; fito za kulalia; sanduku la mchanga mkavu wa kuogea.

3. Mayai yaokotwe mara tatu au zaidi kwa siku, na maranda yageuzwe na kubadilishwa yanapolowa.

4. Tulishe asubuhi na mapema na jioni, kukiwa na ubaridi. Kwa kuwa ganda hujengwa zaidi usiku, jioni tuwape makombe ya baharini yaliyopondwa, Pwani hayakosekani. Mchana tuwaning'inizie majani mabichi, wapate kazi ya mdomo.

5. Tuchanje badala ya kuficha uchafu kwa antibiotiki. Chanjo ya mdondo ya I-2, inayostahimili joto, inatengenezwa hapo hapo Kibaha.

6. Vikundi vinunue chakula kwa pamoja, vichukue sampuli na kudai kipimo; au vichanganye chakula vyenyewe kwa ushauri wa afisa mifugo wa kata.

7. Kuku waliochoka kutaga wasafirishwe ndani ya matenga yenye hewa. Kumfunga miguu na kumning'iniza kichwa chini kwenye pikipiki, baada ya mwaka mzima na zaidi wa kutulisha, ni kukosa shukrani.

Miradi ya parokia na ya vikundi vyetu itangulie. Hatuwezi kuhubiri haki ukumbini huku nyuma ya ukumbi kuku wetu wakikanyagana gizani. Anayepita na aone banda letu, ajifunze humo pasipo kuambiwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayefuga kuku wa mayai, naye hununua chakula wapi? Je, amewahi kudanganywa? Alipata msaada gani?

2. Tukipima banda la mradi wetu leo, kila kuku ana nafasi kiasi gani? Ana kiota?

3. Kijana anayetunza kuku wetu anapata ujira gani, siku gani ya kupumzika, na kinga gani dhidi ya vumbi na hewa chafu?

4. Ni jambo lipi moja tutakalolibadilisha kabla ya mwezi huu kwisha, na nani atalisimamia?